Jina Ambalo Sanduku Halikulijua

Twalibu Yahaya alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliishika kwa miaka tisa bila kuilegeza: neno la mtu lisiwekwe ndani ya chombo ambacho mwandishi hakijui kwa ndani.

Kanuni hiyo aliirithi kwenye gereji. Baba yake, mzee Yahaya, alikuwa fundi magari Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na hakuwahi kuazima spana. Alizifua zake mwenyewe kwa vyuma vya springi za malori yaliyokufa. Alisema kwamba anayeazima spana hufungua mlango wa nyumba yake, kwa sababu mwenye spana atakuja kuitafuta saa anayotaka yeye. Twalibu hakupenda mafuta ya gari. Alisoma, akapata diploma ya uandishi wa habari, akaajiriwa kwenye redio, kisha kwenye gazeti dogo la mtandaoni lenye vyumba viwili ghorofani katikati ya mji. Lakini maneno ya baba yake aliondoka nayo.

Akiwa bado redioni, mwenzake mmoja alipeleka simu yake kwa fundi kubadilishiwa kioo. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na maelezo yote ya kazi yake, majina na namba za watu waliomwamini. Wiki iliyofuata, mwanamke mmoja aliyekuwa amezungumza naye kwa siri alipigiwa simu na sauti asiyoijua, ikamsomea maneno yake mwenyewe. Hakuna aliyethibitisha kwamba fundi ndiye aliyesoma. Twalibu hakuhitaji uthibitisho. Tangu siku hiyo aliacha kuandika jambo lolote kwenye simu, na kila programu ya bure aliiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni anayegawa peremende mlangoni mwa shule.

Kwa hiyo aliamua kujitengenezea chombo chake. Alipata kompyuta kuukuu kutoka shirika lililokuwa linafunga ofisi. Masomo ya kuandika programu aliyachapisha kwenye karatasi, akayasoma akitembea kwenda kazini siku ambazo mabasi hayakuwa na mafuta, yaani siku nyingi. Umeme ukikatika, aliandika maagizo ya kompyuta kwa penseli daftarini, kisha akayachapa umeme uliporudi. Ilimchukua miaka miwili. Chombo hicho alikiita Sanduku.

Kazi ya Sanduku inaeleweka kwa urahisi. Kila jambo ambalo Twalibu alilisikia au kuliona aliliandika kwenye ukurasa wake mdogo, alioita fishi. Fishi moja, jambo moja. Kila fishi ilipaswa kujibu maswali matano: nani alisema, wapi, siku gani, kwa lugha gani, na je, Twalibu alisikia kwa masikio yake au alisimuliwa. Jibu moja likikosekana, Sanduku lilikataa kuipokea fishi. Alipotaka kuandika makala, aliita fishi zote za habari hiyo, akazipanga mbele yake, akaandika katikati yake, na kila sentensi ilijulikana imetoka kwenye fishi gani. Mwishoni aliongeza sehemu aliyoipenda kuliko zote, akaiita Pazia. Pazia lilikuwa orodha ya majina ya watu walioomba wasitajwe. Makala ilipotoka Sandukuni, kila jina lililokuwa kwenye orodha lilifutwa, na mahali pake yakawekwa maneno kama "mfanyakazi mmoja" au "jirani mmoja."

Kazi hiyo ilikuwa njema, na asiidharau mtu. Katika mji huu wapo waandishi wanaoandika kwa kumbukumbu ya jana iliyochanganyika na chupa ya jana. Twalibu hakuwa mmoja wao. Hata hivyo, lisemwe na hili: kabla ya Pazia alikuwa anasoma kila makala mara tatu akiwa na penseli, akizungushia kila jina na kujiuliza ni nani anaweza kuumizwa nalo. Baada ya Pazia alisoma mara moja, akitafuta nukta na koma.

Ofisini walikuwa watatu. Mhariri, Télesphore, alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi, na wema wa namna hiyo una madhara yake. Wa tatu alikuwa Fabrice, kijana wa mtaa wa Musaga mwenye miaka ishirini na minane, mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa mdomo. Fabrice alirekodi watu kwa simu, na programu ya kampuni fulani ya mbali ikamgeuzia sauti kuwa maandishi.

"Mzee Twalibu," alikuwa anasema, "hilo Sanduku litafunguka lini na sisi tuone? Ama utazikwa nalo?"

"We tumia vyako."

"Vyangu vinafanya kazi. Naweka telefone mezani, inaandika yenyewe. We uko unachapa fishi moja-moja kama karani wa Wabelgiji!"

"Na ile sauti ya mutu inaenda wapi ikisha kuandikwa?"

"Iende wapi? Inabaki apa."

"Inabaki apo na inaenda. Umekwisha kumuuliza mwenye iyo programu?"

"Mwenye nayo hajui hata Bujumbura iko upande gani wa dunia!"

"Ndio nasema. Mutu asiyekujua, na unamupa maneno ya mama za watu."

Télesphore alicheka, nao wakarudi kazini. Lakini siku moja Twalibu alitoka kunawa mikono, akarudi akamkuta Fabrice amesimama nyuma ya meza yake, na Sanduku liko wazi kwenye kioo.

"Unafata nini apo?"

"Chargeur ya telefone, mzee. Yangu imekufa."

"Chargeur iko mu kioo?"

"Eh! Nimepita tu nikaona. Macho nayo nitayaacha nyumbani?"

Twalibu alimsogeza pembeni, akaifunga kompyuta. Alibadilisha neno la siri siku hiyohiyo, na tangu hapo hakuiacha kompyuta mezani hata kwa dakika moja. Alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri aliibeba begani.

"Ile mashini imekwisha kusilimu siku mingi," Fabrice alimwambia Télesphore. "Kesho-kesho itaenda Maka, sisi tubaki apa na makalamu."

Waliofahamu jinsi Twalibu alivyokuwa anaishi wanajua kwamba hakucheka. Alianza kuangalia kila jambo la Fabrice: anapigiwa simu na nani, anatoka nje kujibu au anajibia ndani, kwa nini viatu vyake ni vipya. Tuhuma ikishapata kiti haikosi chakula.

Mwezi uliofuata, mwanamke mmoja aliomba kuonana na Twalibu. Walikutana katika uwanja wa kanisa moja mjini, mahali ambapo mama mwenye kitabu cha nyimbo mkononi haulizwi anangoja nini. Jina lake lilikuwa Daphrose. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya kazi kwenye dirisha la dawa la kliniki moja ya binafsi huko Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa mji.

Alisema polepole, akiangalia mlango wa kanisa. Kliniki ilikuwa inapokea katoni za dawa zilizopitwa na wakati. Kwenye chumba cha nyuma, karatasi za tarehe zilibanduliwa na nyingine zikabandikwa. Dawa za watoto za maji zilikuwa humo pia. Yeye mwenyewe aliona kwa macho yake. Kila alipoweza, aliwavuta wazazi pembeni na kuwaambia wakatafute kwingine.

"Nitasema yote," alisema. "Lakini jina langu litakaa wapi?"

Twalibu alifungua kompyuta hapohapo kwenye benchi. Alichapa jina lake la ubatizo na jina lake la Kirundi kwenye orodha ya Pazia, akaandika sentensi mbili za mfano zenye jina hilo, akaziagiza zitoke.

"Soma, mama."

Daphrose alisoma kwa kidole. Mahali pa jina lake palikuwa pameandikwa "mfanyakazi mmoja wa kliniki."

"Na wakiiba iyi mashini?"

"Haifunguki."

"Na weye ukikosea?"

"Mi naweza kukosea. Iyi apana. Nimeitengeneza na mikono yangu juu isikosee."

Daphrose alifunga kitabu chake cha nyimbo. "Monsieur, mi sina mutu mwingine. Iyi kazi ndio bwana yangu, ndio baba ya watoto. Ikienda, sisi wote tumeenda."

"Wallahi, jina lako halitatoka."

Aliandika mambo manne juu yake: jina la ubatizo, jina la Kirundi, namba ya simu na mtaa. Zaidi ya hayo hakuuliza. Hakuuliza watoto wanaitwaje wala anakaa avenyu ipi, na hakuwahi kufika kwake. "Nisichokijua hakiwezi kunitoka," ndivyo alivyokuwa akisema, na aliona kwamba huo ndio uangalifu.

Kwa wiki tatu alifanya kazi safi. Alipata chupa mbili zenye karatasi juu ya karatasi. Alizungumza na wazazi. Mmoja wao alikuwa Bonfils, seremala mwenye karakana ndogo Cibitoke, ambaye mtoto wake aliugua homa. Bonfils alitaka jina lake litoke, na la mtoto, na ikiwezekana picha ya karakana. Fishi yake iliandikwa neno kwa neno kama alivyosema:

"Mama Kelly wa ku dawa alinivuta pembeni, akaniambia: Papa, iyi dawa usimupe mutoto, tarehe wameigeuza, enda utafute kwingine. Yule mama ndiye aliponyesha mutoto wangu. Mi namushukuru mbele ya watu wote."

Twalibu aliipenda nukuu hiyo, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Aliiweka katikati ya makala. Alipomaliza aliliagiza Pazia lipite. Lilikuta jina la Daphrose mahali sita, likalifuta mahali sita.

"Sita kwa sita," alimwambia Télesphore.

Mama Kelly alipita, kwa sababu hakuwa kwenye orodha.

Katika mitaa yetu mwanamke akishazaa, majirani humwita kwa mtoto wake wa kwanza mpaka azeeke. Twalibu alilijua hilo kama anavyojua kupumua. Kwenye avenyu yake Buyenzi yeye mwenyewe alikuwa Baba Karimu kwa miaka kumi na minne, na mkewe Hayat alikuwa anaweza kumaliza mwezi mzima bila kusikia mtu akimwita Hayat. Lakini alipotengeneza orodha ya majina ya kufichwa, aliweka nafasi ya majina yaliyo kwenye kitambulisho tu. Mtoto wa mji huu alitengeneza chombo kwa ajili ya watu wa mji huu, na akakifundisha majina ambayo watu wa mji huu hawaitani.

Desturi ya gazeti ilikuwa kwamba makala ya kila mmoja isomwe na mwenzake kabla ya kutoka. Télesphore alimpa Fabrice karatasi zilizochapwa. Fabrice alizisoma zote, jambo ambalo watu wanaomwona mwepesi wasingelitegemea. Kisha alikuja mezani kwa Twalibu na penseli sikioni.

"Mzee, uyu Mama Kelly ni nani?"

"Wa nini?"

"Nauliza tu. Anafanya kazi pale?"

"Bonfils ndiye amemutaja. Na Bonfils amekubali jina lake litoke."

"Bonfils, ndio. Na mama naye amekubali?"

Twalibu aliacha kuchapa. Alimwangalia Fabrice kuanzia viatu. "Fabrice, we unataka kujua nani anaongea na mi kule kliniki. Si ndio?"

"Mi? Mi natafuta nini kule?"

"Iyo ndio nataka uniambie. Unatafuta nini?"

"Apana, mzee, mi nasema tu, mutu akisoma apa..."

"Kazi yako ni kusoma, siyo kuuliza."

Fabrice aliinua mikono miwili juu kama mtu aliyekamatwa na askari, akacheka kidogo. "Basi, basi. Siingii mu Sanduku lako." Aliacha karatasi mezani. Kwenye ukurasa wa tatu, jina la Mama Kelly lilikuwa limezungushiwa duara la penseli.

Twalibu hakulitazama duara hilo. Alifungua Sanduku, akaandika fishi mpya: Fabrice anauliza nani anazungumza kutoka kliniki. Nani alisema: Fabrice. Wapi: ofisini. Siku: Jumatatu. Lugha: Kiswahili. Alisikia mwenyewe. Maswali matano yalijibiwa, na Sanduku likaipokea tuhuma kama linavyopokea jambo la kweli. Halikuwa na swali la kutenganisha moja na lingine.

Makala ilitoka Jumanne asubuhi. Ilisomwa sana. Jumatano, mwenye kliniki aliwaita wafanyakazi wote uani, akasoma kwenye simu maneno ya Bonfils kwa sauti, mpaka mwisho, mpaka shukrani. Hakumuuliza mtu kitu. Alinyoosha mkono tu, na Daphrose akaweka funguo za dirisha la dawa mkononi mwake.

Saa sita mchana Twalibu alipata ujumbe mmoja: "Wamenifukuza. Umeniuza. Mungu anakuona." Alipiga simu mara kumi na moja. Ilikuwa imefungwa.

Alisoma makala yake tena, akitafuta neno Daphrose. Halikuwepo. Alikagua Sanduku, ambalo liliandika saa ya kila mara lilipofunguliwa. Hakuna mwingine aliyelifungua. Mtu mwenye akili ya wastani angeanza hapo kujiuliza juu ya maneno yaliyobaki kwenye makala. Twalibu alijiuliza juu ya mtu. Aliichapisha fishi ya Jumatatu kwenye karatasi, akaingia nayo kwa Télesphore, akaiweka mezani.

"Chef, soma. Uyu ndiye ametuuza."

Télesphore alimwita Fabrice. Fabrice alisoma fishi hiyo akiwa amesimama, na kicheko chake kikaondoka.

"Mi umenitia mu fishi? Mi?"

"Jibu, Fabrice. Uliniuliza juu ya watu wa kliniki ama hukuniuliza?"

"Nilikuuliza juu ya Mama Kelly! Juu ana kazi pale, na jina lake liko mu journal!"

"Mama Kelly hayuko mu habari iyi. Source yangu ni mutu mwingine. Na amefukuzwa leo, siku mbili baada ya we kuuliza."

"Mi hata simujui source yako!"

"Ulikuwa nyuma ya meza yangu. Sanduku liko wazi."

"Nilikuwa natafuta chargeur! Chef, mbona uko kimya? Chef, weye ulinipa nisome, si ndio?"

Télesphore alisugua paji la uso. Alisema kwamba mambo haya yanahitaji utulivu, na kwamba labda Fabrice apumzike nyumbani wiki moja, aache na ufunguo, mpaka ijulikane. Hakusema kwamba Fabrice ana hatia. Watu kama Télesphore hawasemi kamwe, na bado hukumu hutoka.

Fabrice aliweka ufunguo juu ya ile fishi. "Wiki moja ya nini? Mukishanitilia mashaka leo, wiki ijayo mutanitoa wapi? Mubaki na Sanduku." Alichukua begi lake, akashuka ngazi.

Kesho yake Twalibu alikwenda Cibitoke kumtafuta Daphrose. Hakuwa na anwani, alijua mtaa tu. Aliuliza kwenye duka la kwanza, wakatikisa vichwa. Aliuliza kwa waosha pikipiki. Aliuliza avenyu nne, akitaja jina la ubatizo na la Kirundi kwa ukamilifu, kama yalivyokuwa kwenye orodha. Hakuna aliyemjua. Mwisho alisimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa anashona kwa cherehani barazani.

"Namutafuta Madame Daphrose."

"Daphrose gani? Apa hatuna Daphrose."

"Ni mjane. Ana watoto watatu. Alikuwa anafanya kazi ku kliniki, ku dirisha la dawa."

Mama yule aliacha kukanyaga cherehani. "Aaa! Mama Kelly! Si ungesema tangu mwanzo? Unatafuta mutu na jina la ubatizo, we ni padri?" Alicheka, kisha akakumbuka, akashusha sauti. "Umekuja kumupa pole? Pita apo, mulango wa kijani. Masikini. Eti wamemuandika mu journal."

Twalibu alilirudia jina hilo, Mama Kelly, kisha akapita.

Daphrose alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa kijani akichambua mchele. Hakuinuka, wala hakumkaribisha ndani, na mtu wa Burundi anajua uzito wa kuachwa nje.

"Nilificha jina lako," Twalibu alisema. "Mahali sita. Mahali sita zote."

"Ulificha la mu karatasi. Uyu mwenye kliniki, tangu nianze kazi, ananiita nani? Wagonjwa wananiita nani? Mulinzi ananiita nani?"

"Mi sikujua weye ndiye Mama Kelly."

"Hukujua juu hukuuliza." Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Uliniuliza jina la karte, la kitambulisho. Nani Cibitoke ananiita jina la karte? Hata mutoto wa avenyu angekuambia. Ungeuliza mutu mumoja tu."

"Kuna mutu aliniuliza mi," Twalibu alisema.

"Na weye ulimujibu nini?"

Daphrose aliendelea na mchele wake mpaka Twalibu alipoondoka.

Siku hiyohiyo alivuka mji wote hadi Musaga, kwa kuwa hakuwa mwoga wa kukubali kosa lake, na hilo tumpe. Alimkuta Fabrice nje ya nyumba ya dada yake, akamweleza yote, bila kujitetea.

"Mzee," Fabrice alisema, "mi nilizungusha lile jina na crayon. Ungenitukana, lakini ungesoma."

"Nitaifuta ile fishi."

"Apana, usiifute. Iandikie chini ukweli, uiache pale. Siku utamushuku mwingine, uisome."

"Rudi kazini. Nitaongea na chef, nitaongea mbele ya wote."

"Kurudi nirudi, na kila siku nikipita nyuma ya meza yako utageuka. Utageuka, mzee. Tunajuana."



Sanduku bado linafanya kazi. Limeongezewa nafasi ya majina ya mtaani, na Twalibu amerudia kusoma kila makala mara tatu kwa penseli. Kliniki ilifungwa siku tisa, ikapakwa rangi mpya, ikafunguliwa. Fabrice aliacha uandishi wa habari, naye sasa anatafsiri barua na vyeti katika ofisi ya shemeji yake. Daphrose alipoteza kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja. Ameomba kwenye maduka saba ya dawa, na yote yalikuwa yamekwisha kusikia jina la Mama Kelly. Alihama Cibitoke na watoto wake, wakaenda kukaa chumba kimoja mtaa wa Kinama, na Kelly aliacha shule katikati ya mwaka.